Muir Woods bila kugeuzwa langoni: mwongozo kamili wa mzunguko wa kilomita tano katika msitu wa misekoya

Kila likizo napokea ujumbe wa aina moja. Familia imetoka San Jose au Sacramento, gari limejaa watoto na wazazi waliokuja kuwatembelea kutoka Afrika Mashariki, wamefika Muir Woods, hifadhi ya misekoya (miti mirefu ya redwood) kaskazini mwa San Francisco, California, saa tano asubuhi, na wameambiwa wageuze gari warudi. Wengine huingia salama, lakini huishia kwenye njia ya mbao ya bondeni, wakapiga picha na kuondoka wakilalamika kwamba msitu ni mdogo na umejaa watu. Halafu kuna waliothubutu kupanda mlima, wakapitiliza njia panda moja tu, wakatokea kwenye barabara ya lami bila kujua walipo.

Makosa ni hayohayo matatu, na yote huzuilika. Kazi kubwa ya matembezi haya hufanyika nyumbani, mezani, siku kadhaa kabla ya kuvaa viatu. Ukiifanya vizuri, msituni utabaki na kazi ya kutembea tu.

Njia ninayoielekeza ni hii: unaingia lango kuu, unapanda kwa njia ya Canopy View, unashuka kwa njia ya Lost Trail, unafuata kijito cha Fern Creek hadi bondeni, kisha unarudi langoni kupitia miti mikubwa kuliko yote. Jumla ni kama kilomita 5, na mwinuko unaokaribia mita 200. Mtu mzima anayetembea kila siku ataimudu. Si ya kitoto, lakini si mlima wa kutisha. Mwenye mwendo wa haraka humaliza kwa saa moja na nusu. Familia yenye watoto itenge saa mbili na nusu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Nafasi ya kuegesha gari iliyokwisha kulipiwa, au tiketi ya basi la shuttle. Bila hiyo usiondoke nyumbani.
- Picha ya skrini ya nafasi hiyo, au karatasi iliyochapwa. Barua pepe haitafunguka kule.
- Ramani ya njia, ya karatasi au iliyopakuliwa ndani ya simu.
- Viatu vya kufunga vyenye soli yenye meno. Raba nzuri inatosha. Ndala na makubadhi yaache garini.
- Sweta na koti jepesi la mvua kwa kila mtu, hata Julai.
- Maji, angalau lita moja kwa mtu mzima.
- Suruali ndefu.
- Mbeleko au kanga imara kwa mwenye mtoto mchanga. Kigari cha mtoto hakipandi ngazi za mlimani.
- Bakora kwa mwenye magoti mabovu.
- Saa ya mkononi, angalau moja kwa kila kundi. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya nne.

Nisisitize hilo la sweta, maana ndilo wageni wetu hulipuuza. Mtu akitoka Dar es Salaam au Mombasa akisikia "California wakati wa kiangazi" hufungasha fulana. Joto la Muir Woods mwaka mzima huwa kati ya nyuzi 4 na 21 za Selsiasi, na bondeni jua halifiki kirahisi. Juni hadi Agosti ukungu wa baharini huingia asubuhi na kutonesha maji kutoka matawini kama mvua ndogo. Misekoya inaupenda ukungu huo, kwa sababu majani yake hunyonya unyevu moja kwa moja katika miezi isiyo na mvua. Mama yako mzazi hataupenda akiwa na blauzi ya mikono mifupi.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Chagua siku ya katikati ya wiki, Jumanne hadi Alhamisi, na saa ya mapema kabisa unayoiweza. Hifadhi hufunguliwa saa mbili kamili asubuhi. Anayeingia saa mbili hukuta njia tupu, na ndege wanasikika. Anayeingia saa tano hukuta foleni ya watu kwenye kila daraja.

Sababu ya pili ya kuwahi ni giza. Wazazi wetu wamezoea jua linalozama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, Januari hadi Desemba. Huku siyo hivyo. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na ndani ya msitu mnene kiza hutangulia. Kanuni yangu ni kwamba ukiwa hujaanza kupanda Canopy View zikiwa zimebaki saa tatu jua lizame, siku hiyo baki bondeni.

Kuanzia Novemba hadi Machi ni majira ya mvua. Mvua ndogo haina neno, tena msitu hunoga. Upepo mkali ndio hatari. Matawi makavu yaliyonasa juu huanguka kutoka kimo cha ghorofa ishirini bila kelele ya kutosha kukuonya. Utabiri ukisema dhoruba, badilisha siku.

## Hatua ya 2: Lipia maegesho kabla ya jambo lingine lolote

Tangu Januari 2018, hakuna gari linaloegeshwa Muir Woods bila nafasi iliyowekwa mapema. Ni kila siku ya mwaka, si wikendi peke yake. Kando ya barabara nako hakuna pa kuegesha. Nafasi huwekwa kupitia gomuirwoods.com, nazo hufunguliwa siku 90 kabla ya tarehe yenyewe. Jumamosi za kiangazi na siku za sikukuu hujaa mapema, kwa hiyo anayengoja wiki ya mwisho anabahatisha.

Hapa kuna mitego miwili inayotunasa sisi hasa, watu wa Kiswahili. Nimeona familia tatu zikinaswa, kwa hiyo soma polepole.

Mtego wa kwanza ni tarehe. Wamarekani huandika mwezi kwanza, siku baadaye. 07/08 kwao ni tarehe 8 Julai. Sisi tukiiona tunasoma tarehe 7 Agosti. Ukimtumia ndugu yako tarehe ile bila maneno, naye akakata tiketi ya ndege kwa kuisoma kwetu, mmepishana kwa mwezi mzima. Andika jina la mwezi kwa herufi kila mnapoandikiana.

Mtego wa pili ni saa. Nafasi iliyoandikwa 10:00 AM ni saa nne asubuhi. Inaonekana jambo dogo, lakini mjomba akimwambia dereva "tumepangiwa saa kumi" huku dereva amezoea kuhesabu kwetu, mtafika jioni. Na muda wa kufika una mpaka: unapewa dirisha la nusu saa, na anayechelewa anaweza kukataliwa. Ukishaingia, unaweza kukaa hadi hifadhi ifungwe. Mimi huwatumia wageni wangu ujumbe wa sauti nikiitaja saa kwa njia zote mbili: saa nne asubuhi ya kwetu, ten ya Kizungu.

Malipo ni ya aina mbili, na watu huyachanganya. Nafasi ya kuegesha hulipiwa kwa gari. Ada ya kuingia hulipiwa kwa kichwa: dola 15 kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea, wenye miaka 15 kushuka hawalipi. Kadi ya mwaka ya hifadhi za Marekani, America the Beautiful, hufuta ada ya kuingia, lakini haifuti malipo ya maegesho. Ukiwa na kadi bado unahitaji nafasi.

Usiye na gari, kuna basi la shuttle linaloanzia upande wa Larkspur karibu na kivuko. Halitembei kila siku, hivyo angalia kalenda yake kwenye tovuti hiyohiyo na ulipie mapema. Teksi za kuita kwa simu kama Uber na Lyft zitakufikisha, lakini msituni hakuna mtandao wa kuitia ya kurudi. Nimekutana na wanafunzi wawili wamekaa pembeni ya maegesho jioni, wakiomba lifti kwa watu wasiowajua. Usijiweke hapo.

Umefaulu hatua hii pale unapoweza kuwaonyesha wenzako, simu ikiwa imezimwa mtandao, tarehe, dirisha la kufika na namba ya nafasi yako. Mtandao ukihitajika ili kuionyesha, hujamaliza.

Nafasi zikiwa zimekwisha: rudi kwenye tovuti mara kwa mara, maana watu hughairi. Ikishindikana, usiende "kujaribu bahati". Nenda Reinhardt Redwood Regional Park, kwenye vilima vya Oakland. Hakuna kuweka nafasi, mbwa wanaruhusiwa, na njia iitwayo Stream Trail hupita katikati ya misekoya. Miti yake ni michanga kuliko ya Muir Woods, kwani ya awali ilikatwa mbao, lakini kivuli ni kilekile na harufu ni ileile.

## Hatua ya 3: Pakua ramani na uichore kwa mdomo

Simu hazishiki mtandao Muir Woods, wala kwenye barabara za karibu. Hii si hitilafu ya kampuni yako. Pakua ramani ya eneo zima ukiwa nyumbani: kutoka Mill Valley hadi Muir Beach, ikijumuisha Mlima Tamalpais. Pakua na maelekezo ya kurudi pia, kwa sababu ukitoka langoni utakuwa bado huna mtandao.

Kisha zima mtandao wa simu ukiwa sebuleni na ujaribu kuifungua ramani. Ikifunguka, vizuri.

Sasa jifunze njia kwa kichwa. Haina maneno mengi: kulia mara moja, kushoto mara tatu. Kulia kuingia Canopy View. Kushoto kuingia Lost Trail. Kushoto kufuata Fern Creek. Kushoto tena kwenye njia kuu kurudi langoni. Wafundishe watoto kama wimbo. Mtoto wa miaka saba aliyeshika wimbo huo aliwahi kuliokoa kundi letu, watu wazima tulipokuwa tumezama katika mazungumzo.

Ramani za zamani huiita Canopy View kwa jina la Ocean View. Ni njia ileile.

Vibao vyote vinaandika maili. Maili moja ni kilomita 1.6, basi kibao kikisema maili moja na wewe ukadhani ni kilomita, umejidanganya zaidi ya nusu.

## Hatua ya 4: Gawa kundi kabla hamjaondoka

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu siku kuliko zote.

Katika familia zetu watu hutembea pamoja. Bibi hawezi kuachwa, na bibi mwenyewe hataki kuonekana mzigo. Matokeo yake ni kwamba bibi wa miaka sabini anaanza kupanda mlima kwa aibu, magoti yanamlemea nusu ya njia, na kundi zima linageuka. Kaa naye siku moja kabla, kwa heshima, umweleze kwamba kuna njia mbili na zote mbili ni za heshima. Njia ya bondeni ni tambarare, imetandikwa mbao na lami, ina mabenchi, na hata kiti cha magurudumu hupita. Tena ndiyo yenye miti minene zaidi. Hajanyimwa kitu.

Mwache na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza. Kundi la mlimani litapita juu na kushukia Cathedral Grove, ambako njia ya Fern Creek inaungana na njia kuu. Hapo ndipo mtakutana. Kwa kuwa simu hazifanyi kazi, mpange mambo matatu kwa sauti, kila mtu akisikia: mahali, saa, na muda wa kusubiriana. Mfano: "Tunakutana makutano ya Fern Creek saa tano na nusu. Tusipofika hadi saa sita na robo, mwambieni askari wa hifadhi kwamba tumepanda Canopy View." Hapo ndipo saa ya mkononi inapofanya kazi yake. Betri ya simu inayotafuta mtandao usiokuwepo huisha haraka, na mtu asiyejua saa hawezi kusubiri wala kuingiwa na wasiwasi kwa wakati unaofaa.

Mwambie na mtu aliyebaki nyumbani njia mnayokwenda na saa mtakayompigia mkitoka.

## Hatua ya 5: Safari yenyewe

Kutoka San Francisco mnavuka daraja la Golden Gate, mnafuata barabara kuu ya 101, kisha mnaingia barabara ya 1. Umbali ni kama kilomita 20 tu, lakini tenga saa nzima. Sehemu ya mwisho ni nyembamba na ina kona za kupindapinda zinazotapisha watoto. Wape kifungua kinywa chepesi mapema, chai na andazi moja, na anayechefuka akae mbele.

Jambo la chakula lieleweke mapema: ndani ya msitu hakuna pikniki. Sufuria la pilau libaki nyumbani au mlipeleke ufukweni baadaye. Makombo huwavuta kunguru na ndege wengine wezi wa mayai, nao wakishazoea huvamia viota vya ndege adimu wa msituni. Kuleni vizuri kabla ya kuingia. Mwenye kisukari abebe kitu chake cha dharura.

## Hatua ya 6: Langoni

Nendeni msalani kwanza, wote, hata anayesema hana haja. Juu hakuna choo.

Halafu muulize askari wa hifadhi swali moja: je, Canopy View, Lost Trail na Fern Creek zote ziko wazi leo? Baada ya dhoruba, mti ulioanguka au maporomoko ya udongo huweza kufunga njia mojawapo, na mzunguko ukikatika katikati utalazimika kurudi ulikotoka. Ikiwa mojawapo imefungwa, omba akuonyeshe mzunguko mwingine kwenye ramani ya karatasi na uuandike.

Mbwa na baiskeli haziruhusiwi. Droni pia.

## Hatua ya 7: Kupanda Canopy View

Dakika chache baada ya kuingia, kibao cha Canopy View kiko mkono wa kulia, na njia inaanza kupanda papo hapo. Watu tisa kati ya kumi hupitiliza moja kwa moja. Wewe pinda. Ndani ya dakika kumi kelele zote zitakuwa zimebaki chini.

Kwa nini tunaanza na mlima badala ya kumaliza nao? Kwa sababu upande huu mpando ni wa taratibu, kama kilomita mbili za kuinuka kidogo kidogo, na miguu bado mipya. Ukianzia upande wa pili utapanda ngazi za Lost Trail, ambazo humaliza pumzi ya mtu kabla hajaona chochote. Halafu kuna sababu ya moyo: ukipita huku, miti mikubwa kuliko yote inakungoja mwishoni.

Kipimo cha mwendo ni mazungumzo. Kama unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sahihi. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, simama, kunywa maji.

Usitoke nje ya njia, hata kwa picha. Msekoya wenye urefu wa jengo kubwa una mizizi isiyozama zaidi ya mita chache. Badala ya kwenda chini husambaa pembeni, hata mita 30, ikishikana na mizizi ya majirani zake. Udongo ukikanyagwa na kushindiliwa, mizizi hiyo hukosa hewa na maji. Wewe ni mtu mmoja, lakini watu wa mwaka mzima ni wengi mno.

Kuna sababu ya pili. Pembezoni huota kichaka chenye vijani vitatu vitatu, vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta, na hugeuka vyekundu msimu wa vuli. Utomvu wake huwasha na kutoa malengelenge kwa siku nyingi. Wengi wetu hatukukua nacho, kwa hiyo hatukitambui. Wafunze watoto: majani matatu, usiguse. Suruali ndefu ni kwa ajili hiyo.

Kadiri unavyopanda, misekoya hupungua na miti mingine huchanganyika, mwanga huongezeka, na unaanza kuuona msitu kwa juu badala ya kwa chini. Ukifika mahali ambapo vilele vya miti viko usawa wa macho yako ng'ambo ya bonde, uko kwenye njia sahihi.

## Hatua ya 8: Njia panda ya Lost Trail

Hapa ndipo watu hupotea. Njia panda ya Lost Trail iko mkono wa kushoto, ina kibao, lakini Canopy View yenyewe inaendelea mbele kwa uwazi kabisa na macho huifuata. Mimi niliipitiliza mwaka wangu wa kwanza, nikiwa na shangazi yangu. Tuliendelea kupanda hadi tukasikia magari. Tulikuwa tumefika Panoramic Highway, na ilitubidi kurudi nyuma tukiwa tumechoka na maji yamekwisha.

Kwa hiyo: baada ya kupanda dakika arobaini hivi, mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia kushoto tu. Asipige picha, asiongee. Na ukisikia magari mbele yako, umepitiliza. Geuka mara moja.

Lost Trail hushuka kwa kilomita moja hivi, na sehemu nyingi ni ngazi. Kushuka huumiza magoti kuliko kupanda, na mizizi yenye unyevu huteleza kama sabuni. Fupisha hatua, kunja goti kidogo, weka unyayo wote chini badala ya kisigino. Mwenye bakora aitangulize. Mwenye mtoto mbelekoni asishikane mkono na mtoto mwingine. Mtoto huyo ashikwe na mtu mwingine. Msikimbie hata kama ngazi zinavuta. Vifundo vingi vya miguu hutegukia hapa.

Utasikia maji kabla ya kuyaona. Hiyo ndiyo dalili nzuri.

## Hatua ya 9: Fuata maji

Chini unakutana na njia ya Fern Creek. Kulia inapanda kwenda Camp Alice Eastwood, kushoto inashuka. Ukisahau wimbo wa kulia na kushoto, kumbuka hili moja: nenda maji yanakokwenda. Fern Creek inaingia Redwood Creek, na Redwood Creek inapita hadi langoni. Kuanzia hapa hadi mwisho, maji ndiyo kiongozi wako.

Sehemu hii ni fupi, na ningekuomba uitembee polepole kuliko zote. Makangaga yamefunika kingo zote mbili. Baada ya mvua utamwona koa mkubwa wa rangi ya ndizi mbivu akivuka njia, mpishe. Tazama pia jinsi misekoya inavyosimama kwa duara kuzunguka kisiki cha mzee wao. Mtu aliyekulia Bukoba au Moshi ataelewa mara moja: msekoya hutoa machipukizi kutoka shinani, kama mgomba. Mama akifa, watoto wanabaki wamezunguka kaburi.

Njia inaishia Cathedral Grove, kwenye makutano mliyopanga. Hapa ni eneo la ukimya, vibao vinasema hivyo. Waambie watoto kabla hawajafika, si baada ya kupiga kelele. Mwezi Mei 1945, wajumbe waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walikuja kusimama katika msitu huu kumkumbuka Rais Franklin Roosevelt, aliyefariki mwezi uliotangulia.

Mti mrefu kuliko yote Muir Woods una urefu wa karibu mita 79. Wageni kutoka Tanzania huwa nawakumbusha kwamba mwaka 2016 ilitangazwa kuwa mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika, mkukusu wa mita 81.5, uko kwenye bonde la Kilimanjaro. Wengi wao hawajawahi kuusikia. Baba mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema akirudi ataenda kuutafuta.

Pinda kushoto kwenye njia kuu. Kilomita moja na ushee ya tambarare hadi langoni, pamoja na wazee. Majira ya baridi, baada ya mvua kubwa, angalieni chini kutoka darajani: samaki aina ya salmoni huweza kuonekana wakipanda mto kwenda kutaga. Msirushe mawe wala kutia miguu majini, mayai yako kwenye changarawe.

Umefaulu ikiwa mmefika langoni wote, bila kukimbizana na saa, na wazee bado wana nguvu ya kusimulia walichoona.

## Hatua ya 10: Kabla na baada ya kufika nyumbani

Kaguaneni kupe, hasa nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye mstari wa nywele za watoto. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumsokota. Aliyegusa kichaka cha majani matatu aoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi haraka iwezekanavyo, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Mpigie yule uliyemwachia taarifa, mara tu simu inaposhika mtandao.

Na daraja: Golden Gate hutoza ushuru kwa magari yanayoelekea kusini tu, yaani mnaporudi San Francisco. Hakuna kibanda cha fedha taslimu, kamera husoma namba ya gari. Kwa gari lako mwenyewe unaweza kulipa mtandaoni ndani ya saa 48 baada ya kuvuka. Kwa gari la kukodi, waulize wenye gari siku ya kulichukua jinsi ushuru unavyolipwa, kwa sababu baadhi huongeza ada yao juu yake.